Inveta ipi uchukue: modifaidi, pyua au haibridi? Jina moja, mashine tatu

Ukiingia duka la vifaa vya umeme, iwe Kariakoo au kule Luthuli Avenue Nairobi, ukasema tu "nataka inveta", swali la kwanza utakaloulizwa ni "ya wati ngapi?" Na hapo hapo ndo watu wanaanza kupoteza hela, maana wati ni swali la tatu au la nne huko, la kwanza ni inveta ya aina gani, na muuzaji mwenye haraka hakuulizi hilo kwa sababu rafu yake ina maboksi yanayofanana kuanzia rangi mpaka ukubwa, yote yameandikwa neno lile lile. Hii naiandika kwa yule aliyekwama hapo: hela anayo, umeme wa kwake unakatika, na kila mtu anamwambia chake.

Kwanza neno lenyewe, maana limebeba mizigo mingi

Inveta ni kifaa kinachochukua umeme wa betri au wa paneli, ule unaoenda upande mmoja tu (DC), kinaugeuza kuwa umeme kama wa ukutani unaobadilisha mwelekeo kila mara (AC), kwetu huku volti 230 hivi na mizunguko 50 kwa sekunde. Basi, kazi yake ndo hiyo. Jina sio la jana, mhandisi mmoja wa General Electric anaitwa David Prince alishachapisha makala ya kitaalamu yenye jina hilo mwaka 1925, transista yenyewe ilikuwa haijavumbuliwa bado.

Sasa neno hilo hilo limebandikwa kwenye friji na viyoyozi, na hapo ndo pameleta mkanganyiko mkubwa. Nilikuwa dukani nasubiri risiti, mama mmoja anaangalia friji, akamwambia kijana wa duka, "Mwanangu nataka hii ya inveta, umeme ukikatika samaki wangu wasiharibike." Kijana akajibu, "Ndiyo mama, hii inatunza umeme sana." Kijana alimaanisha inatumia umeme kidogo, mama akasikia inahifadhi umeme ndani. Friji ya inveta haina betri yoyote ndani yake. Ina saketi inayochukua umeme wa ukutani, inaugeuza kuwa DC, alafu inaurudisha kuwa AC ya kasi inayoweza kupanda na kushuka, ili kompresa izunguke taratibu badala ya kuwaka na kuzima kila saa. Umeme ukikatika na yenyewe inazima kama friji zingine. Viyoyozi vya namna hiyo vipo sokoni toka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na mafundi wa mageti nao wana inveta yao, ile mashine ndogo nyepesi ya kuchomelea, hiyo nayo ni inveta kweli kabisa ila haikuwashii hata taa moja giza likiingia.

Kwaiyo kuanzia hapa nikisema inveta naongelea ile ya kukupa umeme kutoka kwenye betri. Na zenyewe zipo za makundi matatu ambayo mtu wa kawaida anakutana nayo:

Modifaidi, kwenye boksi inaandikwa Modified Sine Wave, na nyingine zinakaa kimya kabisa hazisemi chochote. Ikikaa kimya jua ni modifaidi, maana mwenye pyua hawezi kuacha kujisifu.

Pyua, kwenye boksi Pure Sine Wave.

Haibridi, ambayo ni inveta ya pyua iliyounganishwa na chaja ya umeme wa ukutani, kontrola ya paneli za sola (inayosimamia paneli zinavyochaji betri) na swichi ya kujibadilisha yenyewe, vyote kwenye mwili mmoja unaotundikwa ukutani.

Vigezo ninavyotumia

Nazipima zote tatu kwa vitu vitano: umeme unaotoka una umbo gani na vifaa vyako vitaupokea vipi, wati za kweli na zile za kuwashia, inavyokula betri, nani anaichaji hiyo betri na nani anabadilisha umeme ukikatika, mwisho hela na fundi. Rangi, skrini na idadi ya soketi sijaviweka.

Umbo la umeme, na vifaa vinavyoupokea

Hapa nitakaa sana kwa sababu ndo panapounguza vitu vya watu.

Umeme wa ukutani unapanda na kushuka kwa ulaini kama mawimbi ya bahari shwari. Ukisema volti 230 hiyo ni kama wastani tu, kileleni unagusa volti 325 hivi. Pyua na haibridi zinatengeneza umbo hilo hilo, mara nyingi safi kuliko hata umeme wa nguzo yenu. Kifaa chochote kinachofanya kazi ukutani kitafanya kazi hapo, mradi wati zinatosha.

Modifaidi haipandi kwa ulaini, inaruka. Inakaa sifuri, inaruka juu ghafla, inarudi sifuri, inaruka chini. Vifaa vingi vya kisasa havijali hilo hata kidogo, na hapa lazima niitendee haki modifaidi maana mafundi wengi wanaisema vibaya kupita kiasi. Chaja ya simu, adapta ya laptopu, TV ya flati, king'amuzi, ruta ya intaneti, taa nyingi za LED, vyote hivi vikipokea umeme kitu cha kwanza vinaugeuza kuwa DC, kwaiyo umbo la mwanzo halina maana kubwa kwao. Unaweza kusikia adapta inaunguruma kidogo au ikapata joto kuliko kawaida lakini itadumu. Redio na spika zinaweza kutoa mlio wa chini chini, hasa redio ya AM.

Tatizo linaanza kwenye mota. Feni kwenye modifaidi inazunguka lakini utaisikia inavuma, na mota inapata joto zaidi na kula umeme zaidi kwa kazi ile ile. Friji nayo hivo hivo, kompresa itawaka leo na kesho lakini inachemka kuliko inavyotakiwa na maisha yake yanapungua. Mashine ya kinyozi ile ya kutetemeka, ambayo ndani ina koili na sumaku na inategemea mizunguko 50 ya umeme, inapiga kelele, inachemka mkononi, na kinyozi anaishia kuilaumu mashine. Mikrowevu inapasha polepole sana kwa sababu inategemea ile volti ya kileleni na modifaidi kileleni haifiki 325, na betri ikishuka inazidi kupungua. Saa za mezani za umeme zinaweza kukimbia. Printa za leza usijaribu.

Alafu kuna kitu kidogo ambacho watu hawakitegemei kabisa: tochi za kuchaji za bei rahisi na zile raketi za kuulia mbu. Ukiifungua tochi ya namna hiyo, pale nyuma ya pini mbili za kuchomeka hukuti transfoma, unakuta kapasita moja ya rangi nyekundu au kahawia, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, na diodi nne. Hiyo kapasita ndo inapunguza umeme. Kwenye umeme laini inafanya kazi vizuri, ila umeme unaoruka ghafla unapenya kwenye kapasita kwa wingi zaidi, kwaiyo tochi inapokea umeme mwingi kuliko ilivyopangiwa na inaungua, wakati mwingine ndani ya dakika chache, na harufu yake utaijua. Kwaiyo mtu ananunua modifaidi, TV inawaka vizuri, anafurahi, alafu anachomeka tochi na inakufa, anaenda dukani kugombana kwamba inveta mbovu. Inveta nzima kabisa.

Vifaa vya hospitali vya nyumbani, mfano mashine za oksijeni au za kusaidia kupumua usiku, hivyo viende na pyua au haibridi tu, na soma kitabu chake kwanza.

Wati za kweli na wati za boksi

Kwenye boksi kuna namba kubwa na mara nyingi namba hiyo ni ya kilele, yaani nguvu inayoweza kuitoa kwa sekunde moja au mbili. Unayoihitaji ni ya kuendelea, imeandikwa Continuous au Rated, na kwa modifaidi za bei chee inaweza kuwa nusu ya ile ya mbele ya boksi, au chini ya hapo. Pyua za maana huwa zinaandika zote mbili wazi. Haibridi nyingi zinaandika kwa VA (volti mara ampea) na wati, na hapo angalia wati maana VA 1000 inaweza kuwa wati 800 tu.

Kuna njia ya haraka ya kuipima inveta ndogo ya volti 12 hata kabla hujatoa hela. Geuza nyuma, nyingi zina fyuzi zile bapa za magari, nyingine ziko ndani ya kifuniko. Jumlisha namba zake alafu zidisha kwa 12. Fyuzi mbili za 30 ni ampea 60, mara 12 ni wati 720, na hapo hujatoa zinazopotea njiani. Kama boksi linasema wati 2000, wewe chora hesabu kwenye karatasi umwonyeshe muuzaji, bila ugomvi, utashangaa bei inavyoshuka.

Nguvu ya kuwashia nayo ni kigezo. Friji ya kawaida inayotembea na wati 120 inaweza kutaka mara tano au zaidi ya hizo kwa ile nusu sekunde kompresa inapoanza. Ndo maana inveta ya wati 500 inapiga alamu friji ikiwaka ingawa kwa hesabu ya karatasi inatosha. Hapa pyua na haibridi nyingi zinavumilia vizuri, hasa zile nzito zenye transfoma kubwa la shaba ndani, zile nyepesi zinachoka mapema. Na hapa ndo ile friji yenye stika ya inveta inapokuwa rafiki yako, kwa sababu kompresa yake inaanza polepole, haina ule mshtuko, unaweza kuiendesha kwa inveta ndogo kuliko ya friji ya zamani. Kwaiyo yule mama hakukosea sana kuipenda, alibakiza betri na inveta ya pili.

Pasi, jagi la umeme, heta ya kuoga, jiko la umeme: sahau kwa modifaidi na pyua ndogo. Haibridi ya kilowati 5 itaviwasha lakini betri yako italia. Jagi la wati 2000 kwenye betri ya volti 12 linavuta zaidi ya ampea 160.

Nikiwa hapo kwenye ampea, tafadhali angalieni waya. Inveta ya volti 12 ikitoa wati 1000 inavuta karibu ampea 95 kutoka kwenye betri, na waya nyekundu na nyeusi zinazokuja kwenye boksi za bei rahisi haziwezi hilo. Weka mkono juu ya waya baada ya dakika kumi za kazi, kama umepata joto mpaka unautoa mkono, waya ni mwembamba. Weka mnene, mfupi, na fyuzi karibu na betri. Kwa mizigo mikubwa hamia volti 24 au 48, ampea zinabaki nusu au robo.

Betri, na inavyoliwa

Chukua betri moja ya sola ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100. Ndani kuna wati-saa 1200. Kama ni ya asidi au jeli usitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu, kwaiyo una 600, na inveta inakula asilimia 10 mpaka 15 njiani, unabaki na 510 hivi. TV ya wati 60, ruta ya 10, taa nne za wati 9, jumla 106. Gawanya, unapata saa tano kasoro. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi kwaiyo unafika saa saba, saa nane. Hesabu hii ni ile ile kwa inveta zote tatu. Kenya ilipozimika karibu nchi nzima Agosti 2023 kuna maeneo yalikaa giza usiku mzima, kwaiyo panga kwa usiku, usipange kwa saa mbili.

Zinapotofautiana ni kwenye kile ambacho inveta inakula yenyewe ikiwa imewashwa bila kifaa chochote. Modifaidi ndogo inakula wati chache tu, tano, kumi. Pyua ya ukubwa wa kati kumi mpaka ishirini. Haibridi kubwa ya kilowati 5 inaweza kukaa kwenye wati 50 usiku na mchana. Piga hesabu, 50 mara 24 ni wati-saa 1200, yaani betri nzima ya Ah 100 imeliwa na mashine yenyewe kwa siku moja. Mtu akikuuzia haibridi ya kilowati 5 kwa betri moja na taa tatu anakuumiza, hata kama mashine ni nzuri. Kwa mwenye paneli nyingi hilo halina shida, jua linalipa.

Jingine, modifaidi nyingi na baadhi ya pyua hazizimi mpaka betri ishuke kwenye volti 10 na nusu hivi. Betri ya asidi ikifika huko imeshaumia, nusu yake iko kwenye volti 12.2 ikiwa imepumzika. Kwenye haibridi unapanga mwenyewe izime kwenye volti ngapi, na hii peke yake inaweza kukuokolea betri mbili kwa miaka michache. Betri ya gari acha kwenye gari, imetengenezwa kusukuma injini sekunde chache, ukiitumia kila usiku kwa TV inakufa ndani ya miezi.

Nani anachaji, nani anabadilisha

Modifaidi na pyua nyingi hazichaji betri. Unanunua chaja pembeni, au kontrola ya sola na paneli. Na umeme ukikatika unaamka, unachomoa TV ukutani unachomeka kwenye inveta. Kwa wengine hii sio kazi, kwa mwenye kompyuta ya mezani inamaanisha kila umeme ukikatika kazi imepotea. Kuna pyua zinazokuja na chaja na swichi ndani, uliza "inveta-chaja", zipo katikati.

Haibridi inafanya yote yenyewe. Nyingi zinabadilisha ndani ya milisekunde 10 mpaka 20, TV haizimi. Kwenye mipangilio unachagua itumie jua kwanza, au umeme wa ukutani kwanza, au jua na betri kwanza na ukutani mwisho. Ila mipangilio hiyo ndo inayowaumiza watu, fundi anatundika, anawasha, anaondoka, betri ni lithiamu na mashine inadhani ni ya asidi. Kabla fundi hajashuka ngazi mwambie akuonyeshe kwenye skrini aina ya betri, ampea za kuchajia na volti za kuzimia, na upige picha kwa simu.

Na neno haibridi nalo lina mtego wake. Kuna mashine nyingine ya paneli ambayo mtu anaweza kuichanganya nayo, inaitwa gridi-tai, yenyewe inasukuma umeme wa paneli moja kwa moja kwenye nyaya za umeme wa taifa na haina betri. Umeme wa nguzo ukikatika na yenyewe inazima hata kama jua linawaka, kwa sheria kabisa, ili isimuue fundi aliye juu ya nguzo. Kenya ilitoa kanuni za kubadilishana umeme na shirika la umeme mwaka 2024, kwaiyo mashine hizo zitaongezeka sokoni. Nzuri kwa kiwanda kinachofanya kazi mchana, ila kama shida yako ni giza sio yako. Uliza swali moja: "Umeme wa nguzo ukikatika usiku, hii inawasha taa?"

Kwa sababu hiyo hiyo ya fundi wa nguzo, usichukue waya wenye pini pande zote mbili ukasukuma umeme wa inveta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Nimeona inafanyika. Unapeleka volti 230 mtaani, na umeme wa nguzo ukirudi inveta inalipuka. Weka chenjova, ile swichi ya kuchagua umeme wa nguzo au wa inveta, sio vyote kwa pamoja.

Hela na fundi

Modifaidi ndo rahisi, pyua ya wati zile zile mara nyingi inakaribia mara mbili au inazidi, haibridi ni ghali zaidi ila kumbuka ndani ina chaja na kontrola ambavyo kwa zingine unanunua pembeni, kwaiyo linganisha mfumo mzima.

Kwenye kuharibika, modifaidi ikiungua wengi wanatupa. Pyua zile nzito zenye transfoma mafundi wa mtaani wanazimudu, wanabadilisha mosfeti (transista za ndani zinazobeba umeme mkubwa) inarudi kazini. Haibridi inataka fundi anayeijua, na ikifa imekufa na chaja na kontrola kwa pamoja, nyumba inakaa giza mpaka irudi. Mwenye vipande tofauti anabadilisha kipande kimoja. Hii naiona ni hoja kubwa kwa walio mbali na mji kuliko inavyosemwa.

Kwa hali yako

Umepanga chumba, unataka taa, simu, TV ya inchi 32 na king'amuzi: modifaidi nzuri ya wati 300 za kuendelea inakutosha na hela inayobaki iweke kwenye betri bora. Tochi ya kuchaji ichaji ukutani umeme ukiwepo.

Kwenye gari au bajaji, laptopu na simu: modifaidi ya wati 150, na usizidishe hapo kama unachomeka kwenye tundu la kiberiti maana fyuzi yake haivumilii.

Saluni ya kiume: pyua, hata ndogo. Mashine mbili au tatu, feni na redio haziendi hata wati 200, ila mashine zitapoa na mteja hasikii mlio shingoni.

Duka lenye friji ya soda, au mama wa samaki: pyua yenye nguvu ya kuwashia ya kutosha, wati 1500 kwenda juu kwa friji ya kawaida, volti 24, lithiamu kama mfuko unaruhusu. Kama friji yenyewe ndo unaenda kununua, chukua yenye kompresa ya inveta, utashuka ukubwa wa kila kitu kingine.

Unafanya kazi kwa kompyuta nyumbani na umeme unakatika kwa sekunde sekunde: haibridi ndogo au pyua yenye chaja na swichi. Kwa kompyuta moja tu yupiesi (UPS) ya kawaida, kile kiboksi chenye betri yake ndani, itakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima.

Nyumba ya familia, una paneli au unazipanga mwaka huu: haibridi, ila nunua kwa kipimo cha mzigo wako, kilowati 3 zinatosha nyumba nyingi zisizopika kwa umeme. Mahali ambapo umeme wa nguzo unashuka mpaka volti 160, nyingi zina mpangilio unaoitwa APL unaokubali umeme wa chini hivyo na mwingine unaoitwa UPS unaoukataa na kuhamia betri mapema, sema na fundi kulingana na vifaa ulivyonavyo.

Shamba au kijiji ambako fundi anafika kwa boti au kwa pikipiki siku nzima: pyua ya transfoma, kontrola ya sola peke yake, na modifaidi ndogo ya akiba kabatini kwa taa na simu siku ile inveta kubwa ikigoma.

Zahanati: pyua kwa maabara na kompyuta. Kama friji ya chanjo ni ile ya sola inayounganishwa moja kwa moja na paneli zake, iacheni hivyo hivyo, haihitaji inveta wala betri yenu, na msiichomekee kitu kingine kwenye paneli zake.

Na kama bado huna hela ya kutosha na umeme unakusumbua leo, anza na betri nzuri moja na pyua ya wati 500 au 600. Baadaye ukipata paneli unaongeza kontrola, na ukija kuhamia haibridi ya volti 24 unatafuta betri ya pili ya aina na umri ule ule uunganishe na ya kwanza (12 na 12 ndo 24), kwaiyo usiache miaka mitatu ipite kati ya betri ya kwanza na ya pili.